Mto Upimwe Mwezi wa Kumi

Kiriba, kile kifuko cheusi cha nailoni ambamo mche hukulia kitaluni, hakiozi. Hili nimelihakikisha kwa macho. Miaka minne iliyopita nilikuwa mmoja wa watu zaidi ya mia waliovaa fulana za kijani kwenye ukingo wa mto Karanga, hapa Moshi, tukipanda miti. Kulikuwa na turubai, spika mbili, katoni za maji ya chupa na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili. Mashimo yalichimbwa jana yake na vijana wa kulipwa. Kazi yetu sisi ilikuwa kuchuchumaa, kutumbukiza mche, kufukia na kutabasamu. Jioni hiyohiyo taasisi iliyotualika ikatangaza idadi ya miche, na picha zikazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mwezi wa kumi uliopita nilipita njia ileile, nikashuka mtoni. Miti iliyosimama niliihesabu kwa vidole, na vidole viwili vikabaki. Mbuzi walifanya yao, jua likamalizia. Viriba, hata hivyo, vilikuwepo. Vingine vilikuwa vimefukiwa nusu, vingine vimepeperushwa hadi kwenye mawe ya mto, vimejikunja kama ngozi ya nyoka. Kusema kweli, tulichopanda siku ile kikadumu ni nailoni.

Siandiki kumcheka mtu. Fulana ninayo mpaka leo, nafutia pikipiki. Naandika kwa sababu tangu siku ile najiuliza swali ambalo kwenye vikao vyetu vya mazingira huulizwa kwa haraka mwishoni, wakati chai imeshaandaliwa: mkakati huu umefaulu kwa kipimo gani, na kimepimwa lini? Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, masika ndiyo yanashika. Mwezi wa nne huku kwetu hata kijiti cha uzio kinachipua. Mto Karanga mwezi wa tano unanguruma, na ukimpeleka mfadhili darajani atakuandikia hundi palepale. Mpeleke mwezi wa kumi, vuli haijaanza, wanawake wanafulia kwenye vidimbwi katikati ya mawe. Huo ndio mtihani. Tulio wengi tunasahihisha mtihani kabla haujafanywa.

Chukua lengo la miti. Serikali iliagiza kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Moshi tuna halmashauri mbili, ya manispaa na ya wilaya, kwa hiyo hapa peke yake ni milioni 3. Zidisha kwa miaka kumi: milioni 30. Kama hata theluthi yake ingekuwa hai, mtu wa Kiboriloni angekuwa anakuja sokoni Mbuyuni akipasua njia kwa panga. Ajabu ya lengo la aina hii ni kwamba shimo la mche uliokufa linatumika tena, mche mpya unahesabiwa upya, na kadiri miche inavyokufa ndivyo nafasi ya kupanda inavyobaki wazi kwa mwaka ujao. Lengo linalishwa na kushindwa kwake lenyewe. Wapo maofisa wanaoripoti asilimia ya miche iliyostawi, na nawapongeza. Lakini sikiliza taarifa ya habari: namba inayotangulia, na inayopigiwa makofi, ni ya iliyopandwa.

Mwaka 1987 ulikuwa mzito kwetu bila wengi kujua. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway, ndiyo iliyoipa dhana ya maendeleo endelevu tafsiri inayonukuliwa hadi leo: kukidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi yao. Mwaka huohuo UNESCO iliingiza Hifadhi ya Kilimanjaro kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Na mwaka huohuo, huku bondeni, ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ambao kwangu ni darasa kuliko tume na orodha kwa pamoja.

Ukishuka kusini mwa mji kuelekea Mabogini na Chekereni utaiona mifereji yake ya zege, iliyojengwa kwa msaada wa Japani. Eneo lilipangwa kuwa la hekta 2,300 hivi, na karibu 1,100 kati yake ziwe za mpunga, kwa maji ya mito Njoro na Rau. Wakulima walifundishwa kusawazisha majaruba, kupanda kwa mstari na kutumia mbegu fupi ya IR54, na mavuno yakaruka hadi tani 6 na zaidi kwa hekta. Mtathmini ambaye angefika wakati ule angeweka tiki kila mahali. Mifereji? Ipo. Mavuno? Yamepanda. Wakulima wamefundishika? Nenda ukawaone.

Lakini mpunga hauna siri. Mkulima aliye juu ya banio, yaani pale maji ya mto yanapochepushwa kuingia mferejini, alimwona mwenzake wa chini anaezeka bati jipya, naye akafungua jaruba. Hakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu mfereji wake wa kienyeji ulikuwepo kabla zege halijamwagwa. Akafuata jirani, akafuata mjomba wake, kikafuata kijiji. Ilipofika miaka ya 1990 mpunga wa nje ya mradi ulikuwa umeenea kiasi kwamba maji yaliyofika kwenye mabanio ya zege hayakutosha eneo lililochorwa. Waliojengewa mifereji wakaingia kwenye zamu na malumbano, majaruba mengine yakakaa makavu msimu mzima. Mradi ulikosa maji kwa sababu ulifaulu.

Nimewasikia watu wakiwaita wale wa juu wezi wa maji. Sikubali. Walifanya kile hasa ambacho kila mradi wa kilimo unaomba wakulima wafanye: waige. Kosa lilikuwa kwenye kalamu iliyochora mpaka wa mradi na kudhani mto nao utauheshimu. Mkakati ulipimwa ndani ya uzio wake, na madhara yake yakatokea nje ya uzio, mahali ambapo hakuna aliyetumwa kupima. Tangu hapo nimekuwa na tabia moja mbaya: nikisomewa ripoti ya mradi wa mazingira, nauliza kwanza habari za jirani wa mradi.

Baadaye zikaja dawa za kiofisi. Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa 1991, ipo hapa Moshi, na sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 ikazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Kwenye karatasi ni kazi nzuri, na mimi si mtu wa kudharau karatasi. Ila kibali cha maji husema lita kadhaa kwa sekunde. Sasa nenda kwenye banio la kienyeji ulione: mawe, magogo ya migomba, matope na gunia kuukuu. Nani anapima lita kwa sekunde kwenye gogo la mgomba? Na maji hayohayo yanasubiriwa chini kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mitambo ya megawati 8, kisha Hale yenye 21, kisha Pangani Mpya yenye 68. Mkulima wa mpunga anashindana na balbu ya Tanga, na hawajawahi kukutana.

Wikendi moja nilipanda Kibosho kumsalimia baba mkubwa. Nilimkuta ukingoni mwa mfongo, yaani mfereji wetu wa asili, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja na jembe au na kalamu?"

"Kalamu, baba."

"Basi kaa huko juu, usitukanyagie tope."

Ilikuwa siku ya kuzibua. Wanaume kama ishirini walikuwa wamejipanga ndani ya mfereji, wa mbele wanafyeka magugu kwa panga, wa nyuma wanachota tope na kulipiga upande wa chini wa mteremko ili ukingo uongezeke unene. Juu ya jiwe alikaa kijana na daftari la shule, jalada limechanika, ndani yake majina ya kaya moja baada ya nyingine. Aliyekuja, tiki. Asiyekuja, mstari. Zamani mwenye mstari alileta debe la mbege na likanywewa na waliochafuka. Siku hizi faini inatumwa kwa simu. Kuna mmoja yuko Dar es Salaam, kila siku ya kuzibua simu ya mweka hazina inalia na fedha inaingia. Nilidhani baba mkubwa angemsifu. Akaguna. "Fedha haizibui mfereji," alisema. "Yeye akituma, mwakani na mdogo wake atatuma. Tutabaki mimi na huyu wa daftari."

Nimeifikiria sana kauli hiyo, kwa sababu imegusa pale ambapo tathmini zetu hazigusi. Kwenye vitabu vya hesabu, mfereji ule umeongeza mapato. Uhai wake umepungua.

Mfumo huu wa mifongo na vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, mgomba chini ya mringaringa, kahawa chini ya mgomba, ng'ombe ndani na mbolea shambani, umekubaliwa hata na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyokitambua kihamba cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hiyo tunastahili. Ila tusiuvishe kilemba cha ukoka. Mfereji wa udongo huvuja, na maji mengi hupotea njiani kabla hayajafika kwenye mgomba. Mama yangu ameteka maji ya mfongo ule zaidi ya miaka arobaini, wala hajawahi kukaa kwenye kikao chake hata siku moja. Na vijana wameondoka. Wazee wanazibua mfereji unaopita kwenye vihamba ambavyo wenyewe huja Desemba na gari, wakaondoka Januari.

Kwa hiyo sisemi turudi kwenye mfongo. Nasema kuna kitu kimoja ndani yake ambacho mikakati ya semina haina: mwenye zamu ya maji ndiye mwenye zamu ya jembe, na matokeo yakiwa mabaya yeye ndiye wa kwanza kuyaona, shambani kwake, asubuhi. Hahitaji mtathmini kutoka nje. Migomba ikinywea majani, ripoti imetoka.

Kamba hiyo ikikatwa, msitu nao huugua. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu wa akiba wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu wenyewe. Wakati wa baraza la Wachagga, waliopanda, waliolinda na waliovuna walikuwa chini ya paa moja. Baada ya uhuru mabaraza ya wenyeji yalifutwa, na nusu maili ikaanza kubadilishwa mikono kati ya serikali kuu na halmashauri kama noti mbovu. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulikuta mlimani maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, hasa ile ya kamfa inayopendwa kwa mbao, pamoja na matanuru ya mkaa. Mwaka 2005 msitu wa akiba ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa.

Je, mkakati huo wa 2005 umefaulu? Hapa ndipo nagombana na marafiki zangu wa pande zote mbili. Wa uhifadhi wanasema misumeno imenyamaza kwa kiasi kikubwa, na wana haki. Kwa hali iliyoonekana 2001, kukaa kimya kusingekuwa sera. Wa vijijini wanasema mwanamke aliyekuwa anapata mzigo wa majani kwa mwendo wa dakika ishirini sasa anaushukia tambarare, au anaununua, au anauza ng'ombe, na ng'ombe akiondoka samadi imeondoka, na samadi ikiondoka kihamba kinachoka. Nao wana haki. Ukipima msitu peke yake unapata maksi nzuri. Ukipima msitu pamoja na kihamba kilicho chini yake, maksi zinashuka, kwa sababu sehemu ya mzigo haikupotea, ilishuka mteremko. Kuni ambazo hazitoki tena nusu maili zinatoka mahali. Miti mingi iliyolala kwenye magari ya mbao barabarani siku hizi ilikuwa kivuli cha kahawa ya mtu.

Nifungue mabano kidogo kuhusu theluji, kwa sababu mgeni akija Moshi huuliza hilo la kwanza. Ni kweli barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inakwisha. Vipimo vya Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu Mmarekani, na wenzake vilionyesha kuwa kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85. Inauma, na ndiyo picha inayouza makala huko nje. Lakini Andreas Hemp, Mjerumani ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ametuonyesha kuwa maji yetu karibu yote yanatoka kwenye ukanda wa msitu, ambako ukungu unanaswa na majani na mvua inafyonzwa na ardhi. Moto unaoteketeza msitu wa juu, kama ule wa Oktoba 2020 uliopita kwenye kilomita za mraba zaidi ya 90, unatugusa kinywani kuliko barafu. Oktoba tena, mnaona. Barafu inapigwa picha, ukungu haupigiki.

Sitaki ionekane hakuna mkakati unaofanya kazi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima, na wengi tulisema yatakuwa ya kawaida: wiki mbili za msako, kisha rambo zinarudi. Hazikurudi, si kwa wingi ule. Mfereji wa barabara ya kuingia stendi, uliokuwa unazibwa na rambo kila masika, leo unazibwa na vitu vingine. Kwa nini ilifaulu? Marufuku ilianzia kiwandani na mpakani kabla ya kumfikia mama wa nyanya. Mfuko mbadala ulikuwepo sokoni siku ileile. Na mvunja sheria alionekana na kila mtu, maana mfuko hubebwa mkononi mchana kweupe. Ndiyo, vile vifungashio laini vya kuwekea karanga vilianza kubebea hadi samaki, serikali ikalazimika kukemea tena mwaka 2021, na bado viko. Lakini nikilinganisha na upandaji miti, marufuku ya rambo ni mwanafunzi wa mfano. Haikuhitaji mtu arudi kuimwagilia.

Usafi wa Moshi nao ni sifa yetu ya miaka mingi, na mtu wa Arusha akituchokoza kwa mambo mengine hapo hunyamaza. Faini ya shilingi 50,000 kwa kutupa taka imeingia kwenye akili za watu hadi makondakta wa daladala wanawaonya abiria wageni. Mimi najivunia. Ila barabara safi inapima barabara. Taka zilihamia dampo la Kaloleni, na mji wenye sifa unapaswa kupimwa na huko pia: kiasi gani kilipunguzwa, kiasi gani kilirudi kuwa mbolea, nani anavuta moshi wake jioni. Taka za sokoni Mbuyuni kwa sehemu kubwa ni maganda na majani ya ndizi, ambayo kilomita kumi juu yangeitwa chakula cha ng'ombe. Chupa za plastiki hazina tatizo hilo. Waokota chupa wanazimaliza kabla ya saa mbili asubuhi, bila faini wala semina, kwa sababu zina bei kwa kilo.

Sasa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa ziwa, au kwa mto wa tambarare, naielewa. Kwa mteremko wa Kilimanjaro, ambako kutoka korongo moja hadi jingine mara nyingi ni mwendo wa kuitana, mita 60 upande huu na mita 60 upande ule zinameza vihamba vizima vyenye makaburi ya mababu. Arusha ni hivyohivyo kando ya mto Themi, ambako mji umejipanga hadi ukingoni. Matokeo yake sheria inatumika kwa kuchagua. Nyumba ya ghorofa inapata barua, kisha barua nyingine. Bustani ya mchicha inapata mgambo. Na sheria inayotumika kwa kuchagua huwezi kuitathmini, kwa sababu hujui unapima sheria au unapima mtu aliyeisimamia wiki ile.

Ya tathmini ya athari kwa mazingira nitayapitia mbio, maana makala nzima isingetosha. Cheti kinatoka kabla ujenzi haujaanza, na mpango wa kupunguza madhara unafungwa nyuma ya ripoti kama kiambatisho. Niliwahi kuomba kuuona mpango wa aina hiyo kwenye mradi mmoja jirani na ninapoishi. Msimamizi alikuwa muungwana, akaniletea kiti, akatafuta, akapiga simu, mwisho akaniambia upo kwenye kompyuta ya mtu aliyehama.

Ningeulizwa nibadilishe kitu kimoja tu, ningebadilisha kalenda ya malipo. Asasi, mkandarasi au halmashauri inayopewa fedha za kupanda miti ilipwe sehemu siku ya kupanda, sehemu Oktoba ya kwanza, na donge nono Oktoba ya tatu, kwa kila mti ulio hai. Utaona jinsi miche itakavyopungua kwenye mabango na kuongezeka ardhini. Utaona watu wakitafuta nani anaishi pale, nani ana mbuzi, nani ana ndoo. Vivyo hivyo kwa mito: namba itakayosomwa kwenye kikao cha baraza la madiwani iwe kina cha maji mwezi wa kumi, ikilinganishwa na Oktoba zilizotangulia. Vipimio vya kina vipo kwenye mito, vile vibao vyenye mistari na namba vilivyosimikwa majini. Najua pingamizi. Ukame wa mwaka mmoja utamwonea afisa aliyefanya kazi nzuri, na mvua za El Niño zitamsifu mvivu. Ni kweli. Ndiyo maana unahitaji Oktoba nyingi, na ndiyo maana mkakati wa miaka mitatu wa mfadhili huondoka kabla hatujajua ulifanya nini. Afadhali kipimo kinachoonea mara mojamoja kuliko kile kinachosifu kila mwaka.

Nirudi Karanga, kwenye ile miti minane. Miwili imesimama peke yake, sijui imeponaje. Sita iko mahali pamoja, imezungushiwa miiba iliyofungwa kwa vipande vya kamba ya katani, na udongo wa shinani ulikuwa umelowa. Hatua chache kutoka hapo ni bustani ya mama mmoja, matuta manne ya mchicha na mawili ya figiri, hayafiki mita 60 kutoka majini, hayafiki hata 15. Kwa kifungu cha 57 hatakiwi kuwa pale. Alikuwa ameketi kivulini mwa mringaringa mmojawapo, anafunga mafungu ya mchicha kwa ugomba.

Aliponiona nashuka alisimama, akaanza kukusanya ndoo zake.

"Wewe ni wa manispaa?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuja siku ile ya kupanda."

Akarudi kukaa, akaniangalia vizuri, akaitazama na miti.

"Ulipanda upi?"

Nikaikagua yote sita, mmoja mmoja. Sikuujua.